Kabla ya Mbegu, Uliza Kiwanja Kilikuwa Nini

Kama unaishi Dar es Salaam, au mji wowote unaofanana nao, kuna uwezekano mkubwa kwamba mchicha uliokula wiki hii haukusafiri mbali. Huenda umetoka bondeni, kando ya reli, au kwenye kile kipande cha ardhi nyuma ya shule ambacho unapita kila siku ukidhani ni kichaka tu. Na huenda aliyeupanda alifundishwa kuupanda Jumamosi asubuhi, chini ya mti, akiwa na wenzake ishirini hivi, afisa ugani mmoja, na mwanafunzi wa uzamili mwenye daftari na kiherehere.

Huyo mwenye kiherehere ni mimi. Nilisoma sayansi ya udongo, na kwa miezi kadhaa nilisaidia kufundisha darasa la bustani la kikundi cha akina mama mtaani. Nataka nikueleze madarasa haya yanafundisha nini hasa, sayansi gani imejificha ndani ya kiroba cha mboga, na pia kosa nililofanya mimi mwenyewe, mwenye digrii yangu, ambalo lilisahihishwa na bibi mmoja asiyejua hata neno moja la kemia.

Kwanza tuondoe mawazo kwamba kulima mjini ni mtindo mpya ulioletwa na miradi. Mwaka 1974 Tanzania ilikumbwa na upungufu mkubwa wa chakula, na serikali ikaanzisha kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Watu wa mijini nao walihimizwa kulima popote penye nafasi. Miaka ya 1990 mradi wa mboga mijini, chini ya Wizara ya Kilimo na shirika la Ujerumani la GTZ, ulifanya kazi na wakulima wa Dar. Mwaka 2008 huko Kibera, Nairobi, baada ya vurugu za uchaguzi kuvuruga biashara na bei za vyakula, shirika la Solidarités lilianza kufundisha watu kupanda sukuma wiki na spinachi kwenye magunia, mlangoni kabisa. Kampala walishatunga sheria ndogo za kilimo cha mjini katikati ya miaka ya 2000. Kwa hiyo hii ni hadithi ya zamani, ila sasa Dar ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na ardhi iliyobaki wazi ni ile ambayo hakuna aliyeitaka. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Kwa nini mboga za majani, na si mahindi? Sababu ni maji yaliyomo ndani ya jani. Mchicha uliokatwa unaendelea kupumua na kupoteza maji, na kwa joto la Dar saa chache zinatosha kuufanya ulegee kama kitambaa. Mahindi yanaweza kukaa kwenye lori siku tatu bila neno. Mchicha hauwezi. Basi anayelima mchicha karibu na soko ana faida ambayo mkulima wa mbali hana, hata kama ana ekari mia. Ongeza kwamba mchicha unavunwa wiki tatu mpaka nne tu baada ya kupanda, na matembele unayachuma leo, wiki ijayo yamerudi. Kwa mama anayehitaji hela ya mboga kila siku, huo ndio mzunguko unaomfaa.

Darasa ambalo mwalimu haongei sana

Mfumo tuliotumia unaitwa shamba darasa, na asili yake si Afrika. Ulianza Indonesia mwaka 1989, kwenye mpunga, chini ya FAO. Huko kulikuwa na mdudu mmoja mdogo wa kahawia anayefyonza mpunga, na wakulima walikuwa wakimpulizia sumu kila mara. Kadiri walivyopulizia ndivyo alivyozidi. Kumbe sumu ilikuwa inaua buibui na wadudu wengine wanaomla, wakati mayai yake yalikuwa yamefichwa salama ndani ya bua. Serikali ya Indonesia ikapiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga mwaka 1986. Lakini amri peke yake haimfundishi mtu kutambua buibui mwema. Ndipo likaja darasa la shambani: wakulima wanakutana kila wiki kwa msimu mzima, wanachunguza mimea, wanachora walichokiona, wanabishana, wanaamua.

Ukifika kwenye darasa la namna hii utashangaa jinsi mwalimu anavyoongea kidogo. Sisi tulikuwa tunagawanyika vikundi vya watu watano. Kila kikundi kinakwenda kwenye tuta lake, kinahesabu majani, kinageuza jani chini juu kutafuta vidukari, kisha kinarudi chini ya mti kuchora kwenye karatasi kubwa. Mtu akiuliza "mwalimu, huyu ni mdudu gani?" hatutoi jina. Tunamwambia amuweke kwenye chupa yenye tundu dogo pamoja na vidukari, aje aseme wiki ijayo nani alimla nani. Inachosha, hasa kama wewe umezoea kutoa majibu. Lakini mtu aliyeona kwa macho yake mtoto wa kidanga akimaliza vidukari ndani ya chupa hasahau, na hanunui sumu bila kufikiri.

Somo la udongo nalo lilikuwa la chupa. Hili unaweza kulifanya leo nyumbani: chukua chupa ya lita moja na nusu inayoonyesha, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji mpaka karibu na juu, tikisa kwa nguvu, kisha iache imetulia. Mchanga unazama ndani ya dakika moja au mbili. Tope laini linachukua saa kadhaa. Mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na vipande vya majani yaliyooza vinaelea juu. Kesho yake unapima kila tabaka kwa rula na unajua kwa nini tuta lako linakauka saa nne asubuhi (mchanga umezidi) au kwa nini linageuka tofali (mfinyanzi umezidi). Sayansi yake ni rahisi: chembe kubwa ni nzito kulinganisha na eneo lake, maji hayawezi kuizuia isizame, chembe ndogo inaning'inia.

Akina mama walilipenda somo hili mno. Mimi pia. Na hapo ndipo nilipojisahau.

Kosa la ndoo moja

Kiwanja chetu kilikuwa kipande cha wazi katikati ya nyumba, kikundi kilikuwa kimeruhusiwa kukitumia. Wafadhili walileta mbegu, keni za kumwagilia, majembe na fulana. Fulana zilikuwa nzuri kwa kweli. Hakuna fungu la kupima udongo. Nikajitolea kuchukua sampuli, kwa kuwa nilikuwa na nafasi ya kuzipima pamoja na za utafiti wangu.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Unatembea kiwanja kwa mstari wa kwenda na kurudi kama herufi W, unachimba vishimo 12 vya kina cha sentimita 20, udongo wote unauweka kwenye ndoo moja, unaukoroga vizuri, unachukua nusu kilo. Nusu kilo hiyo inawakilisha kiwanja kizima. Kwenye shamba la mahindi Kilosa, njia hii ni sahihi kabisa, kwa sababu unataka kujua wastani wa rutuba ili ununue mbolea kwa shamba zima.

Majibu yalipokuja yalikuwa ya kawaida. Naitrojeni chini, kama udongo wowote wa pwani. Metali nzito: risasi ilikuwa juu kidogo ya kawaida, lakini si ya kushtua. Nikasimama mbele ya darasa nikasema udongo wetu ni salama. Nikapigiwa makofi.

Baada ya makofi bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, ambaye darasa zima tulimwita Bibi tu, akaniuliza: "Mjukuu wangu, hata pale kwa fundi betri?"

"Kwa fundi betri wapi, Bibi?"

Akanyoosha kidole kwenye kona ya mashariki, ambako matuta mawili ya mchicha yalikuwa yamestawi kweli kweli. Akaeleza kwamba kabla nusu ya waliokuwepo hawajahamia mtaani pale, kulikuwa na gereji, na kwenye ile kona alikaa fundi wa betri za magari. Alikuwa anazifungua, anamwaga maji yake chini, anatoa sahani za zamani na kuzirundika ukutani. Miaka. Kisha gereji ikahama, majani yakaota, watu wakasahau.

Sasa twende taratibu uone nilichokosea, kwa mfano wa namba za kubuni tu. Tuseme vishimo 11 vina risasi miligramu 20 kwa kila kilo ya udongo, kiwango ambacho unaweza kukikuta kwenye udongo wa asili. Kishimo kimoja, cha kona ya betri, kina 1,200. Ukichanganya vyote kwenye ndoo moja unapata jumla ya 1,420 gawanya kwa 12, yaani kama 118. Marekani kwa miaka mingi walitumia 400 kama kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi, na mwaka 2024 wakakishusha hadi 200. Kwa hiyo 118 inapita hata mtihani mpya! Na kona ya betri bado ina 1,200. Wastani haukudanganya hesabu, umejibu swali ambalo mimi sikupaswa kuliuliza. Shambani uchafu na rutuba hubadilika polepole kutoka hatua moja hadi nyingine. Mjini hubadilika ghafla, kwa sababu kila kona ilikuwa kazi ya mtu: hapa gereji, pale jalala la kuchomea taka, kule ukuta uliokwanguliwa rangi ya zamani.

Nikarudi na mifuko, safari hii kila sampuli peke yake, Bibi akinitangulia na fimbo akionyesha: hapa kulikuwa na choo, hapa walimwaga oili chafu, hapa alikaa fundi. Maabarani, udongo unayeyushwa kwa tindikali kali, kisha myeyusho unapulizwa kwenye mwali wa moto na mwanga maalumu unapitishwa humo. Atomu za risasi hufyonza rangi moja ya mwanga ambayo nyingine haziigusi, na kadiri mwanga unavyopungua ndivyo unavyojua risasi ni nyingi kiasi gani. Kona ya mashariki ilizidi kiwango cha tahadhari kwa mbali. Upande wa pili wa kiwanja ulikuwa safi.

Risasi inafanya nini kwenye tuta

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Watu hudhani mmea uliopandwa kwenye udongo wenye risasi unainyonya kama mrija mpaka majani yanajaa sumu. Ukweli ni kwamba risasi ni mvivu wa kusafiri. Inashikamana na mfinyanzi, na mboji, na fosfeti, na hata ikiingia kwenye mzizi, nyingi inabaki hukohuko. Kwa mpangilio wa kawaida, mizizi inabeba zaidi, majani yanafuata, matunda kidogo kabisa. Ndiyo maana kwenye udongo wenye mashaka bamia, nyanya na pilipili ni afadhali kuliko karoti au mchicha.

Lakini mchicha una tatizo lingine. Uko chini. Mvua ikipiga udongo mtupu, au ukimwagilia kwa keni kutoka juu, matone yanarusha chembe za udongo kwenye majani, na chembe hizo ndizo zinazobeba risasi. Kwenye mboga za bustani za mjini, sehemu kubwa ya risasi mara nyingi ni ile iliyoganda juu ya jani. Ndiyo maana kutandaza nyasi kavu kwenye tuta na kuosha mboga vizuri kuna maana kubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Kona ya fundi betri ilikuwa na ubaya wa ziada. Maji ya betri ni tindikali ya salfa. Udongo ukiwa na tindikali, risasi inaachia kidogo mshiko wake na kuyeyuka kwenye maji ambayo mizizi inanyonya. Kadimiamu, ambayo nayo hukaa kwenye uchafu wa mjini, ni mbaya zaidi hapo, kwa sababu yenyewe husafiri kwenda kwenye majani kwa urahisi. Ndiyo sababu tiba mojawapo ni chokaa ya kilimo, kusogeza pH karibu na 6.5 au 7, pamoja na mboji nyingi. Chokaa na mboji haviondoi risasi. Vinaifunga kamba tu.

Na mchicha uliostawi vile? Mmea wa kijani na mnene hauthibitishi kwamba udongo ni safi. Risasi haina harufu wala haigeuzi jani kuwa njano. Lile tuta lilipata maji ya mferejini kila siku, basi likanawiri.

Kuna mtu atakwambia upande alizeti zifyonze sumu. Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko swali lolote. Kwa metali nyingine kuna mimea inayofanya kazi hiyo kwa kiasi fulani, lakini kwa risasi, kwa sababu hiyohiyo ya uvivu wake, ungevuna alizeti miongo na miongo kabla ya kuona tofauti, na kila mavuno ungelazimika kuyatupa kama taka za sumu badala ya kumpa mbuzi.

Nilipomaliza kueleza haya yote, mama mmoja mwenye tuta la pili kutoka kona aliuliza kwa sauti ya chini, na darasa zima likanyamaza: "Sasa dada, wanangu wameshakula miezi minne. Na mdogo anacheza palepale."

Nitakwambia nilichomjibu, kwa sababu huenda nawe ukaulizwa. Hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyosema. Watoto wadogo hufyonza risasi kutoka tumboni mara 4 hadi 5 kuliko watu wazima, na inagusa ubongo unaokua. Lakini njia kubwa ya kuingia kwa mtoto ni mikono yenye udongo inayokwenda mdomoni, kuliko sahani ya mchicha uliooshwa na kupikwa. Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kumwondoa mtoto kwenye ile kona siku hiyohiyo, kabla ya kung'oa mboga. La pili, kwenda hospitali na kuomba kipimo cha damu, na kwenda mapema, kwa sababu damu inapunguza risasi kwa nusu kila mwezi hivi, nyingine ikihamia kwenye mifupa na kukaa huko miaka mingi. Ukichelewa, kipimo cha damu kitakuonyesha picha nzuri kuliko hali ilivyo. La tatu, chakula chenye madini ya chuma na kalisi ya kutosha, maana mwili wenye njaa ya madini hayo hupokea risasi kwa mikono miwili. Alikwenda. Majibu ni yake, siyaweki hapa.

Kiroba

Kona tukaifunga. Tuliweka tabaka la nyasi nene, mawe ya kuzunguka, na maua yasiyoliwa. Matuta yaliyokuwa karibu tukayahamishia kwenye viroba, na hapa nikuonyeshe kwa nini kiroba ni kifaa cha akili sana.

Chukua kiroba kikubwa chenye upana wa nusu mita na kimo cha mita moja. Mdomo wake juu una eneo la kama mita za mraba 0.2, eneo la kupandia miche michache tu. Lakini ubavu wake, ukiukunjua, una karibu mita 1.6 za mraba. Ukitoboa matundu ubavuni na kuchomeka miche ya sukuma wiki au mchicha, umepata eneo la kupandia mara tisa ya sakafu uliyotumia. Ndani kunaingia lita 200 za udongo, yaani madebe kumi ya lita 20. (Na kikilowa kinafika karibu robo tani, kwa hiyo tafadhali usikipandishe kwenye baraza la mbao.)

Shida ya kiroba ni maji. Ukimwaga juu, udongo wa juu unashiba na wa chini unabaki na kiu, miche ya chini inakufa na watu wanasema kiroba hakifai. Ndiyo maana katikati kunajengwa mnara wa kokoto. Unachukua kopo lisilo na tako, unaliweka katikati, unalijaza kokoto, unazungushia udongo, kisha unalivuta kopo juu na kurudia mpaka kiroba kijae. Maji yanashuka haraka kupitia nafasi kubwa za kokoto, halafu yanavutwa pembeni na vinyweleo vidogo vya udongo, kama taa ya utambi inavyopandisha mafuta. Kila kimo kinapata sehemu yake.

Lakini usikimbilie hapo ukadhani umeokoka. Udongo wa kwenye kiroba nao umetoka mahali. Akina mama walipotaka kununua lori la kifusi, Bibi ndiye aliyeuliza dereva umechimbwa wapi, na dereva alipoanza kubabaika tukaliacha lori liende zake. Tulichanganya udongo wa upande safi wa kiwanja na mboji tuliyotengeneza wenyewe.

Mboji ina hesabu moja muhimu, uwiano wa kaboni na naitrojeni. Bakteria wanaoozesha wanapenda kaboni kama 25 hadi 30 kwa kila naitrojeni moja: kaboni ni kuni zao, naitrojeni ni nyama yao. Samadi ya kuku ina karibu 10 kwa 1, ukiirundika peke yake naitrojeni inayozidi inatoroka kama amonia, ndiyo ile harufu inayokuchoma macho. Maranda ya seremala yanaweza kufika 400 kwa 1, ukiyarundika peke yake utayakuta vilevile mwaka kesho. Kwa vitendo, ndoo moja ya vitu vibichi (maganda, mabaki ya mboga, samadi) kwa ndoo mbili au tatu za majani makavu. Rundo liwe karibu mita moja kila upande, la sivyo joto linatoroka. Chomeka nondo katikati, subiri dakika kumi, ichomoe: ukiweza kuishika bila kuondoa mkono, bado. Tunataka zaidi ya nyuzi 55 kwa siku kadhaa, huku ukigeuza rundo ili pande zote zipite katikati, kwa sababu joto hilo linaua mayai ya minyoo na vijidudu vingi vya samadi.

Yale maji ya mferejini

Nimekwisha kugusia mfereji, na siwezi kuumaliza bila kuusema. Wakulima wengi wa bondeni mwa Msimbazi na mito mingine ya Dar humwagilia maji yanayobeba vinyesi na taka za viwanda na karakana. Kukataza ni rahisi. Lakini maji ya bomba yana bili, na mfereji hauna.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 ulikuja na njia ninayoipenda, kwa sababu haudai maji yawe safi kama ya kunywa. Unajenga vizuizi kadhaa, kila kimoja kinapunguza vijidudu kiasi chake. Ukiacha kumwagilia maji machafu siku chache kabla ya kuvuna, jua na ukavu vinaua vijidudu juu ya jani, na kwa siku moja vinaweza kupungua mara 3 hadi mara 100 kutegemea hali ya hewa. Kuosha kwa maji safi kunapunguza mara 10 hivi, kwa maji yenye dawa mara 100. Kupika kunapunguza mara milioni moja au zaidi. Kwa mapishi yetu, ambapo mchicha, matembele na kisamvu vinapikwa mpaka viive, tuko pazuri. Hatari iko kwenye kachumbari na saladi, na kwenye kibao cha kukatia kilichoguswa na mboga isiyooshwa.

Sasa ona tofauti ambayo darasa letu lilichukua wiki mbili kuielewa: vizuizi vyote hivi ni vya viumbe hai. Ukichemsha mchicha saa nzima, kadimiamu iliyo ndani ya jani itabaki sufuriani na wewe. Kwa metali unashughulika na chanzo: udongo, maji, na mahali ulipochagua kupanda. Codex, taasisi ya viwango vya chakula duniani, imeweka kikomo cha risasi kwenye mboga za majani kuwa miligramu 0.3 kwa kilo, na kadimiamu 0.2. Kiasi hicho hakionekani, hakinusiki, hakionjeki. Lazima mtu apime.

Na hapa ndipo ninapolalamika kidogo. Programu nyingi za bustani mijini nilizoziona zinapima mafanikio kwa idadi ya waliofundishwa na idadi ya viroba. Gharama ya kupima sampuli nne za udongo ni ndogo kuliko fulana za kikundi kizima, lakini fulana zinaonekana kwenye picha. Sisemi kila kiwanja ni sumu, na wengi wanaolima mjini wanalima udongo wa kawaida tu. Nasema ardhi ya wazi mjini mara nyingi iko wazi kwa sababu fulani, na sababu hiyo haimo kwenye kitabu cha mafunzo. Maabara zipo: ya SUA Morogoro, ya TARI Mlingano kule Tanga, na ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ukienda, waambie unataka metali nzito, maana kipimo cha kawaida cha rutuba hakizigusi, na usichanganye ndoo.

Kikundi chetu kimebadilisha somo la kwanza. Zamani tulianza na chupa ya udongo. Sasa tunaanza na karatasi kubwa na kalamu za rangi, na wakazi wa zamani wanachora mtaa ulivyokuwa: gereji, jalala, mashine ya kusaga, kisima kilichofukiwa, mti wa mwembe uliokatwa. Wiki chache zilizopita tulialikwa kwenye kiwanja cha kikundi jirani. Nilikuwa bado nafungua begi langu la sampuli, Bibi alikuwa ameshafika kwa mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi kando ya barabara, amemsalimia, amekaa naye, na wanabishana kama yule fundi rangi alikuwa upande wa kulia wa mnazi au wa kushoto.